Kwa Nini Silengi Sifuri: Mwani, Naitreti na Fosfeti Katika Tangi la Matumbawe

Mwani unapovamia tangi la matumbawe, ushauri ambao mfugaji hupewa karibu kila mahali ni wa aina moja: apunguze chakula cha samaki, abadilishe maji mara kwa mara, atie kemikali ya kufyonza fosfeti, na asichoke mpaka vipimo vya naitreti na fosfeti vionyeshe sifuri. Ukitazamwa kwa juu juu ushauri huu una mantiki, kwa sababu mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga na hauwezi kukua bila nitrojeni na fosforasi, ambazo majini hupimwa kama naitreti na fosfeti. Lakini matumbawe nayo yanahitaji vitu hivyo hivyo, na yanavihitaji kila siku. Kadiri ninavyoendelea kufuga matumbawe ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sifuri ndiyo namba ya hatari kuliko zote zinazoweza kuandikwa katika daftari la vipimo, na kwamba anayetaka kuushinda mwani anapaswa kujiuliza kwanza ni kiumbe gani atakayekaa mahali pale mwani utakapoondoka.

Virutubisho huingia katika tangi kupitia mlango mmoja mkubwa, nao ni chakula. Chakula kisicholiwa, pamoja na kinyesi na taka nyingine za samaki, hutoa amonia. Bakteria wa jamii ya Nitrosomonas huigeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine, hasa Nitrospira, huigeuza naitraiti kuwa naitreti. Ndani kabisa ya vitundu vya mawe hai, ambako oksijeni haifiki, bakteria wa kundi jingine huivunja naitreti ikawa gesi ya nitrojeni, ambayo hupanda na kutoka majini. Fosforasi haina njia kama hiyo. Yote iliyoingia pamoja na chakula hubaki ndani ya tangi, iwe majini, maweni au katika miili ya viumbe, mpaka mfugaji aitoe kupitia kichuja povu (kifaa kinachonasa taka kwa mapovu ya hewa), mwani uliovunwa, maji yaliyobadilishwa au kemikali ya kufyonza. Tofauti hii ndiyo chanzo cha matatizo mengi ya uwiano, kwa kuwa tangi lenye mawe mazuri na bakteria wengi linaweza kuimaliza naitreti yake yote huku fosfeti ikiendelea kujilimbikiza.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mfugaji alielewe kabla hajaanza kutafsiri namba zake: kipimo huonyesha kilichobaki majini, hakionyeshi kilichoingia. Tangi lililofunikwa na mwani wa nywele za kijani linaweza kabisa kutoa naitreti 0 na fosfeti 0, kwa sababu mwani umekwisha kuvila virutubisho hivyo kadiri vilivyokuwa vikitoka. Ni kama kukadiria wingi wa chakula kilichopikwa kwa kuchungulia sufuria baada ya wageni kuondoka. Ndiyo maana sisomi namba peke yake. Hutazama pia ninalisha kiasi gani, na kioo cha mbele kinachukua siku ngapi kufunikwa na utando wa kijani baada ya kufutwa; kioo kinachochafuka kila siku huku vipimo vikionyesha sifuri kinaeleza wazi kwamba virutubisho vinapita kwa wingi na kuna kiumbe anayevinyakua njiani. Ni muhimu vilevile kujua kipimo kinapima nini hasa. Baadhi ya vipimo hutaja fosforasi peke yake, na ili kupata fosfeti namba hiyo huzidishwa kwa 3.07, vingine hutaja nitrojeni iliyomo ndani ya naitreti, nayo huzidishwa kwa 4.43. Nimeona mijadala mirefu kati ya wafugaji ambayo ingekwisha mara moja kama kila upande ungetaja kipimo chake.

Kuhusu uwiano wenyewe, jina linalotajwa zaidi ni la Mmarekani Alfred Redfield, ambaye kuanzia andiko lake la mwaka 1934 alionyesha kwamba planktoni wa bahari kuu wana muundo unaofanana kwa kiasi cha kushangaza. Uwiano uliokuja kukubalika ni atomu 106 za kaboni kwa 16 za nitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Ukigeuzwa kuwa uzito wa naitreti na fosfeti tunaoupima, 16 kwa 1 huwa takriban 10 kwa 1. Wafugaji wengi wameigeuza namba hii kuwa sheria, na hapo sikubaliani nao. Huo ni wastani wa viumbe wanaoelea. Mwaka 1983 Atkinson na Smith walionyesha kwamba mimea na mwani wa sakafuni mwa bahari una wastani ulio tofauti sana, 550 kwa 30 kwa 1, maana yake ni kwamba mwani unaoshika mawe unaweza kujenga mwili mkubwa kwa fosforasi kidogo mno. Mfugaji anayetegemea kuufisha mwani huo kwa njaa ya fosfeti anapaswa kulitafakari hilo, kwa sababu katika shindano la kuvumilia njaa si jambo la hakika kwamba matumbawe ndiyo yatakayobaki. Mimi huutumia uwiano kama taa ya tahadhari tu: naitreti ikiwa 20 na fosfeti haionekani, au fosfeti ikiwa 0.3 na naitreti haionekani, najua kuna kirutubisho kimoja kilichokwisha na kwamba tangi liko karibu kubadilika. Katika hali ya kawaida naridhika na naitreti kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.05 na 0.1.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba maji ya mwamba halisi wa matumbawe yana virutubisho vichache kuliko hivyo, na wanasema kweli. Lakini maji hayo hayasimami. Kila wimbi huleta planktoni wapya, vipande vya viumbe waliokufa na kinyesi cha samaki, na polipi, vinyama vidogo vinavyounda tumbawe, huvidaka usiku na mchana. Katika tangi la nyumbani tumeweka kichuja povu, sponji na soksi za kuchujia zinazoondoa karibu kila kitu kinachoelea. Tukisha kuondoa chakula kinachoelea, kisha tukaondoa na kilichoyeyuka, matumbawe yanabaki na mwanga pekee, na mwanga hauna nitrojeni.

Madhara yake yanafahamika vizuri. Ndani ya tishu za matumbawe yanayojenga miamba huishi mwani wa seli moja, zooxantela, ambao hufanya usanisinuru na kuyapa matumbawe sehemu kubwa ya nishati yake. Mwaka 2013 Jörg Wiedenmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba nitrojeni nyingi inayoambatana na uhaba wa fosfeti huyafanya matumbawe kupauka kwa urahisi zaidi yanapokutana na joto na mwanga mkali. Mwani huo wa ndani unapohimizwa na nitrojeni kugawanyika bila kupata fosforasi ya kutosha, huanza kubadilisha mafuta ya utando wa seli, ukiweka yenye salfa mahali pa yenye fosforasi, na uwezo wake wa kuhimili mwanga hupungua. Kwa hiyo mfugaji anayepambana na mwani kwa kutia kemikali ya kufyonza fosfeti, bila kuijali naitreti iliyo juu, anayaweka matumbawe yake katika hali ile ile iliyoelezwa na watafiti hao. Nami huongeza tahadhari moja: tangi lenye virutubisho vichache haliwezi kubeba kiwango kikubwa cha alkali. Pale ambapo dKH, kizio cha kupimia alkali, inasukumwa kupita 9 huku naitreti na fosfeti zikikaribia kutoonekana, ncha za matumbawe ya matawi huungua na kubaki mifupa mitupu, na juu ya mifupa hiyo mwani hupata uwanja mpya wa kuota. Mimi huiacha kati ya 7.5 na 8.5.

Hata hivyo, adui mkubwa anayeletwa na sifuri ni dinoflajelati, viumbe wa seli moja, na hapa nataka kukaa kidogo. Tangi ambalo lilikuwa na nywele za kijani, likasafishwa kwa bidii, likanyimwa virutubisho hadi likang'aa, mara nyingi hufunikwa na utelezi wa rangi ya kahawia wenye nyuzi na mapovu madogo ya hewa, ambao hupungua usiku na kurudi taa zinapowaka. Mfugaji hudhani ni mwani mwingine, hupunguza chakula tena, na hali huwa mbaya zaidi. Dinoflajelati wengi hawategemei mwanga peke yake; wanaweza pia kumeza bakteria na chembe nyingine ndogo, hivyo virutubisho vya majini vinapokwisha na washindani wao wakadhoofika, wao hubaki na njia nyingine ya kuishi. Wanaotusumbua zaidi ni Ostreopsis, Amphidinium, Prorocentrum na Coolia, na kila mmoja ana tabia zake. Ndiyo maana ninamhimiza kila mfugaji anayeliona tatizo hili atafute hadubini, hata ya bei ndogo ya wanafunzi. Ostreopsis ana umbo la tone la maji na huzungukazunguka kana kwamba amefungwa kwa uzi. Amphidinium ni wa duara lililochongoka kidogo kichwani na huteleza kwa uhuru. Prorocentrum hubeba nukta ang'avu katikati ya mwili. Asiye na hadubini anaweza kuchukua kiasi cha utelezi huo, kuutia katika chupa yenye maji ya tangi, kuutikisa kwa nguvu, kuyachuja maji kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha kuyaacha chini ya taa kwa muda wa saa moja hivi. Dinoflajelati hupita katika karatasi na kujikusanya upya kuwa nyuzi, jambo ambalo sianobakteria, wale wa utando mwekundu nitakaowaeleza baadaye, hawafanyi.

Kuwatambua kunabadilisha tiba. Ostreopsis na Coolia hupanda majini usiku, kwa hiyo taa ya miale ya urujuanimno yenye nguvu ya kutosha, ikiunganishwa moja kwa moja na maji ya tangi la maonyesho, huwaua wanapopita. Amphidinium hubaki mchangani na taa hiyo haimfikii. Kwake wafugaji wengi hutia silika, yaani madini ya kioo, kwa makusudi ili daiatomu, mwani wa seli moja unaoyahitaji, waote na kumnyang'anya nafasi, na mimi naona ni mojawapo ya mbinu zenye busara zaidi katika ufugaji huu, kwa sababu inampa mvamizi mshindani badala ya sumu. Kwa wote, hatua ya kwanza ni kurudisha virutubisho: kulisha zaidi, kusimamisha kemikali za kufyonza, kuacha kubadilisha maji kwa muda, na ikibidi kutia naitreti ya sodiamu na fosfeti ya sodiamu iliyopimwa kwa uangalifu, mpaka namba zote mbili zionekane na zidumu. Inahitaji moyo mgumu kutia mbolea katika tangi linaloonekana limechafuka, na mara nyingi fosfeti iliyotiwa asubuhi haionekani kesho yake kwa sababu mawe yameifyonza. Iendelee kutiwa.

Tahadhari ya afya ni lazima hapa. Baadhi ya Ostreopsis hutengeneza sumu za jamii ya palitoksini. Mwaka 2005, mlipuko wao katika pwani ya Genova nchini Italia ulisababisha watu takriban 200 kutafuta matibabu baada ya kuvuta hewa yenye matone ya maji ya bahari. Katika tangi, konokono wanaoanza kufa mmoja baada ya mwingine ni ishara isiyopaswa kupuuzwa. Vaa glavu, usiyanyonye maji kwa mdomo unapoyatoa kwa mpira, na usiyachemshe kamwe mawe yaliyotoka katika tangi la matumbawe.

Sianobakteria, wale wanaotandika shuka jekundu au la zambarau juu ya mchanga, si mwani bali ni bakteria wanaofanya usanisinuru. Baadhi yao wanaweza kutumia gesi ya nitrojeni iliyoyeyuka majini, kwa hiyo tangi lisilo na naitreti lakini lenye fosfeti huwapa nafasi ambayo wengine hawana. Hali hiyo huonekana sana kwa wafugaji wanaotia siki, vodka au sukari ili kulisha bakteria: bakteria hao huila nitrojeni kwa wingi zaidi kuliko fosforasi, naitreti huisha, fosfeti hubaki. Kuivuta shuka hiyo kwa mpira, kuongeza mkondo wa maji juu ya mchanga na kupandisha naitreti kidogo kwa kawaida hutosha. Daiatomu wa tangi jipya, wale wa vumbi la kahawia, hawahitaji tiba. Huisha silika inapoisha, mradi maji ya kujazia yawe yamechujwa kwa osmosisi kinyume na chujio lake la mwisho lisiwe limechoka.

Niliyoyasema hayana maana kwamba virutubisho viachwe kupanda bila mpaka. Naitreti ikifika 50 na fosfeti 0.5, mwani utakuwa na karamu na matumbawe mengi yatakuwa na rangi ya udongo. Ninachokipinga ni kasi. Mawe na mchanga wa tangi ni kalisi kaboneti, na kalisi kaboneti hufyonza fosfeti maji yanapokuwa nayo nyingi na kuiachia inapopungua. Mfugaji akitia chembechembe za oksidi ya chuma, fosfeti ya majini hushuka haraka, kisha baada ya siku chache hupanda tena kwa kuwa mawe yameanza kurudisha akiba yao. Hapo wengi huongeza dozi kwa kudhani kemikali ni mbovu, na siku akiba ya mawe inapokwisha dozi hiyo kubwa huifikisha fosfeti sifuri kwa ghafla na tishu za matumbawe huanza kubanduka. Ni afadhali kutumia chembechembe chache, kuzibadilisha kwa wakati, na kukubali kwamba mawe yaliyojaa fosfeti yatachukua miezi kuitoa.

Kubadilisha maji nako kuna hesabu yake, ambayo wengi hawaifanyi. Tuseme chakula kinaongeza naitreti kwa miligramu 2 kwa lita kila wiki, na mfugaji anabadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki. Naitreti haitashuka hadi sifuri. Itatulia kwenye 20 kabla ya kila zamu ya kubadilisha, kwa sababu asilimia 10 ya 20 ndiyo 2 inayoongezeka. Akibadilisha asilimia 20 itatulia kwenye 10. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kuchagua kiwango anachokitaka na kukidumisha bila kemikali yoyote, na kudumu huko, kwa maoni yangu, kuna thamani kuliko namba yenyewe.

Linabaki suala la walaji wa mwani, ambalo naliona limepuuzwa kupita kiasi na watu wanaopenda vipimo. Mwaka 1983 ugonjwa ulioanzia upande wa Karibi wa Panama uliwaua nungu wa baharini wenye miiba mirefu, Diadema antillarum, na kufikia mwaka uliofuata zaidi ya asilimia 90 ya nungu hao walikuwa wamekufa karibu kote katika Bahari ya Karibi. Nchini Jamaika, ambako samaki walao mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa kwa wingi na kimbunga cha mwaka 1980 kilikuwa kimevunja matumbawe, mwani ulitwaa miamba, na sehemu iliyofunikwa na matumbawe ikashuka kutoka takriban asilimia 52 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi karibu asilimia 3 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watafiti wa miamba hiyo waliupa uzito mkubwa upungufu wa walaji. Tangi lisilo na walaji wa kutosha litaota mwani hata virutubisho vikiwa vya wastani. Konokono wa Trochus na Turbo, nungu wa Tripneustes, samaki wa jamii ya kangaja na tasi pale ukubwa wa tangi unaporuhusu, hufanya kazi ambayo hakuna kemikali inayoifanya: hula mche ukiwa bado mchanga. Mwani ukisharefuka, wengi wao hawaugusi, kwa hiyo ni mfugaji anayepaswa kuung'oa kwa mkono kwanza, kisha awaachie mabaki.

Mwani unaweza pia kupewa mahali pake. Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian alijenga katika miaka ya 1980 mfumo wa kusafisha maji kwa mwani mfupi unaoota juu ya wavu wenye mwanga mkali na kuvunwa mara kwa mara, na wafugaji wa leo hutumia wazo hilo hilo, au hufuga mwani wa Chaetomorpha katika tangi la pembeni. Ninaipenda njia hii kwa sababu inaondoa nitrojeni na fosforasi kwa pamoja. Lakini ivunwe kwa kiasi, na taa yake ipunguzwe saa namba zinapokaribia chini, kwa maana Chaetomorpha iliyostawi sana ina uwezo kamili wa kulifikisha tangi kwenye sifuri niliyoionya hapo juu.

Bryopsis peke yake, ule mwani wenye matawi kama manyoya ya ndege, ndio unaonifanya nifikirie dawa, kwa kuwa walaji wengi huukwepa na unaota tena kutokana na kipande kilichobaki. Flukonazoli, dawa ya fangasi, huuangamiza katika wiki chache, na matumbawe kwa kawaida huivumilia. Kabla ya kuitia nauvuna mwani kwa kadiri inavyowezekana, natoa mkaa amilifu, na katika kipindi chote cha tiba napima naitreti na fosfeti mara nyingi kuliko kawaida, nikiuondoa kila uzi unaolegea kabla haujaoza, kwa sababu ukiozea ndani utarudisha majini virutubisho vyote ulivyokuwa umevifyonza.